Trekta la mvuke la urithi: uliuze kwa nani Dar es Salaam?

Aliyerithi trekta la mvuke hapa mjini ana milango mitatu ya kuuzia: wanunuzi wa skrepa, madalali wa mashine wa upande wa Gerezani, na mnada wa nje kupitia wakala wa forodha. Kwa mashine iliyo nzima, wa tatu ndio bora, japo ni wa polepole na unadai gharama za kutanguliza. Mlango wa skrepa usiuguse kabla hujajua una nini uani.

Swali la kwanza: mashine inajiendesha yenyewe au ni ya kukokotwa? Tazama juu ya boila. Kwenye mashine nyingi za kukokotwa (lokomobili), silinda iko upande wa sanduku la moto na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iko upande wa bomba la moshi. Kwenye trekta ni kinyume: silinda iko mbele, kranki iko juu ya sanduku la moto, na gia zinashuka hadi ekseli ya nyuma. Tofauti hiyo inabadilisha bei kabisa.

Kisha tafuta namba ya kiwandani. Kama kibao cha shaba kimeibwa, angalia ncha ya kranki na uso wa silinda. Mara nyingi namba imegongwa hapo. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni. Grenda inafuta namba, na haiwezi kurudi. Kwa mashine za John Fowler wa Leeds, kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la maisha ya vijijini, Reading, Uingereza. Namba inaweza kukupa mwaka, modeli na mnunuzi wa kwanza. Karatasi yenye taarifa hizo inauza kuliko rangi mpya.

Wanunuzi wa skrepa wana sifa yao: wanafika haraka, wanapima, wanalipa taslimu. Ila wanalipa kwa kilo, na trekta la kawaida lina tani 7 hadi 12 za chuma ambacho thamani yake haiko kwenye uzito. Kwa kawaida shaba ndiyo inayofunguliwa kwanza: injekta, filimbi, fremu ya kioo cha maji, geji. Halafu boila linakatwa kwa gesi. Boila likishakatwa hakuna cha kurekebisha, na inauma kuona hivyo. Kabla hujamkaribisha mtu yeyote, fungua vifaa hivyo mwenyewe, viandike kimoja kimoja, vifungie ndani. Usiviuze peke yake. Mnunuzi wa mashine atavidai.

Madalali wanafaa kwa usafiri. Wanajua kreni ilipo, wanajua lobedi (trela la chini la kubebea mashine) ya nani ina sakafu imara, na lokomobili ya kawaida wanaweza kuipatia mnunuzi humu nchini. Udhaifu wao ni matayarisho. Wengi hupenda kupaka rangi upya, na mnunuzi mzoefu huona rangi mbichi kama kificho. Wengine hugonga flaiwili (gurudumu zito la ubavuni) kwa nyundo ili pistoni iliyokwama iachie. Flaiwili ni chuma cha kusubu, kinapasuka. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, acha wiki kadhaa, ongeza tena. Moto usiwashwe, wala boila lisijaribiwe kwa hewa ya kompresa: likipasuka linaua. Makubaliano yaandikwe: asilimia ya dalali, nani analipa kreni, na kwamba mashine haitoki uani kabla pesa haijaingia.

Mnada wa nje una faida moja kubwa, nayo ni kwamba wanaonunua wanakijua kitu. Cheffins, kampuni ya minada ya Uingereza, kwa mfano, hufanya mauzo ya mashine za kale Sutton, karibu na Ely. Tuma picha za pande nne, namba, ndani ya sanduku la moto, bamba la mirija na sehemu ya chini ya kisanduku cha moshi. Hapo chini ndipo hapa Pwani panapooza kwanza: mvua inaingia kwa bomba, inalowanisha majivu, majivu yanakula chuma. Toa majivu yote leo na funika bomba kwa bati. Uliza kamisheni ya muuzaji kabla ya kusaini.

Kwa karatasi, anza na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na ridhaa ya warithi wote. Mrithi mmoja akipinga, mauzo yanasimama. Pata jibu la maandishi la Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kwenda TRA (mamlaka ya mapato). Mashine iliyopita miaka 100 ina kifungu chake cha forodha, 9706, na wakala asiyekijua huyo si wa kumpa kazi hii. Pima asbestosi chini ya mabati ya boila, maana Uingereza hairuhusu kuiingiza.

Trekta haliingii kwenye kontena la kawaida, omba flatreki (kontena lisilo na paa wala kuta za pembeni). Mbao za kukazia ziwe zimetibiwa na zina muhuri. Weka vipande vya tairi kuukuu chini ya magurudumu, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza, na funga minyororo kwenye ekseli, kamwe si kwenye spoku.