Shahada za mtandaoni kwa anayebadilisha kazi Mombasa: ipi ulipie, ipi uiache

Anza na kazi unayoitaka, ndipo urudi nyuma kutafuta chuo. Wengi huanza na tangazo la chuo, na ndipo pesa zinapopotelea. Kuna kazi ambazo shahada ya mtandaoni haikufikishi hata ikiwa halali kabisa. Anayetaka kuondoka kwenye kaunta ya hoteli Nyali aende kufanya kazi melini atadaiwa vyeti vya STCW, yaani vyeti vya kimataifa vya mabaharia, na mafunzo hayo yana kuzima moto na kujiokoa majini. Hayo hufanywa kwa mwili, na hapa mjini mahali pa kuulizia ni Bandari Maritime Academy. Uuguzi na uhandisi vina mabaraza yao ya usajili, na kila baraza hutaka mafunzo ya vitendo katika mahali lilipopaidhinisha. Ualimu wa sekondari una sharti la TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu: C+ ya jumla kwenye KCSE, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Mwenye D ya hisabati hatakuwa mwalimu wa hisabati kwa kusoma shahada ghali.

Zinazobaki ndizo zinazofaa mtandao: kompyuta, sayansi ya data, biashara, uchumi, usalama wa mitandao. Kwa karani wa yadi ya makontena Changamwe au wakala wa forodha anayetaka kuhamia huko, cha kwanza kutazamwa ni Open University of Kenya. Kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu Agosti 2023, makao yake yako Konza, na masomo yake yamepangwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtandao. Si darasa la kawaida lililorekodiwa kwa simu na kupachikwa. Kina shahada ya sayansi ya data, ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, na za upande wa biashara na uchumi. Faida yake kubwa ni kwamba ni chuo cha umma cha Kenya, kwa hiyo hakuna safari ya kuomba shahada itambuliwe. Kasoro ni uchanga: waajiri bado hawajawazoea wahitimu wake, na usitarajie mtandao wa wahitimu wa kukuvuta kazini. Hata hivyo, kwa Mkenya mwenye C+ hiki ndicho cha kwanza.

University of the People cha Marekani huvutia kwa neno "bure". Karo ya kufundishwa kweli haipo, lakini kila kozi ina ada ya tathmini, na shahada ni kozi 40. Chukua ada ya sasa iliyo kwenye tovuti yao, zidisha kwa 40, ongeza ada ya maombi, ubadilishe kuwa shilingi; hiyo ndiyo bei yenyewe. Mwaka una mihula mitano ya wiki tisa. Ukichukua kozi moja kila muhula utamaliza kwa miaka minane, mbili mbili ni minne. Ithibati ya DEAC, bodi ya Marekani inayokagua vyuo vya masafa, waliipata 2014, na ya WSCUC, bodi nyingine ya huko, ilikuja 2025, ambayo ina uzito zaidi Marekani kwenyewe. Linalowaangusha watu wa huku ni saa. Wiki yao hufungwa Jumatano usiku kwa saa za UTC-5, zilizo nyuma ya zetu kwa saa nane, yaani kwetu ni Alhamisi saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Anayeingia zamu ya alfajiri akidhani atamalizia kazi "Alhamisi" amekwisha kuchelewa. Pia sehemu ya kazi husahihishwa na wanafunzi wenzako, na ubora wa maoni yao hupanda na kushuka.

University of London hufundisha kwa masafa tangu 1858, na shahada yake ya sayansi ya kompyuta, iliyoandaliwa na Goldsmiths, mojawapo ya vyuo vyake, hupitia jukwaa la masomo la Coursera. Ina muda wa miaka mitatu hadi sita, na asiye na alama za kutosha anaweza kuanza na kozi chache za majaribio, akifaulu ndipo apokelewe. Ubora wa masomo hauna shaka. Bei ndiyo inayouma: iko kwa pauni, na shilingi ikiteleza katikati ya masomo hakuna wa kukufidia. Lipa kozi kwa kozi. Uliza pia mtihani utafanyiwa wapi. Kama ni kituo cha Nairobi, nauli ya SGR na kitanda cha kulala ni sehemu ya karo.

Kwa shahada yoyote ya nje, andikia Commission for University Education kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu. Tume hiyo ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za kigeni. Taja jina kamili la chuo, nchi, jina la programu, na kwamba ni ya mtandaoni, kisha tunza jibu lao. Cheti cha KCSE utaombwa. Kama matokeo yanahitaji kuthibitishwa, KNEC, baraza la mitihani, hufanya hivyo kupitia mfumo wake wa QMIS. Mwenye C aanze na diploma, asiruke. Ukaguzi wa tume hutazama pia ulikoanzia, si karatasi ya mwisho peke yake.

Ithibati ya Marekani iangalie kwenye orodha ya CHEA, baraza la huko linalotambua bodi za ithibati, au ya Wizara ya Elimu yao, ukiandika anwani mwenyewe. Usibonyeze kiungo kilicho kwenye tovuti ya chuo: matapeli hutunga chuo pamoja na bodi ya kukipa ithibati. Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya Axact ya Pakistan, iliyofichuliwa 2015. Chuo kinachokuuzia shahada kwa "uzoefu wa maisha", au kinachokupigia simu kila siku kikishusha bei kama muuza nguo Kongowea jioni, funga ukurasa.

Upande wa vifaa, simu inatosha kusoma lakini haitoshi kufanyia mtihani unaosimamiwa kwa kamera. Tafuta kompyuta yenye RAM ya GB 8, kamera inayofanya kazi, na betri ndogo ya ruta kwa siku ambazo stima hukatika. Bando la simu liwe tayari kama akiba. Mtihani ukikatika katikati, wengi hutaka maelezo papo hapo, kwa hiyo piga picha ya skrini yenye saa kisha uwaandikie siku hiyo hiyo. Malipo ya nje hupita kwenye kadi ya M-PESA GlobalPay, lakini linganisha kiwango chao cha kubadilisha fedha na cha benki yako kabla ya kila muhula.