Huduma ya Kebo kwa Vyumba Vitatu, Mwanga, Kigoma

Nyumba yetu ya Mwanga, mjini Kigoma, ina televisheni tatu: ya sebuleni, ya mama na ya watoto. Fundi wa kwanza wa kampuni ya kebo tunayoilipia aliuchubua waya, akausokota na mwingine kwa mkono na kuuzungushia utepe mweusi, na tangu siku hiyo picha zilijaa chenga. Sikuridhika hata kidogo, kwa kuwa waya wa koaksia wa omu 75, yaani ule wa kupitishia mawimbi ya televisheni, hauungwi kama waya wa taa. Ukiungwa hivyo, sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka na kuiharibu picha.

Fundi wa pili, aliyetumwa baada ya malalamiko yangu, anastahili sifa. Alikikata kiungo kile, akafunga kigawanyo cha njia tatu, yaani kifaa cha kuyagawa mawimbi kwa televisheni zote, kisha akanionyesha namba zilizochapwa kando ya matundu yake: desibeli 3.5 kwa moja na 7 kwa mawili yaliyobaki, yaani kiasi cha nguvu kinachopotea. Lile lenye upotevu mdogo alilielekeza chumbani kwa mama, ambako waya ni mrefu kuliko kote.

Kwa kuwa kebo hii haihitaji king'amuzi, kila chumba sasa huchagua chaneli yake, na mama hasumbuliwi tena wakati wa taarifa ya habari. Linalonikera bado ni waya wa nje, ambao umeachwa ukining'inia chini ya paa bila vibanio. Nimeomba urekebishwe kabla ya mvua.