Luther wa Playmobil kwa darasa la kipaimara, nampa nyota 4

Kwa mnaouliza kama hiki kisanamu kinafaa kufundishia kipaimara, kinafaa, ila kwa sharti moja. Ni kale ka plastiki ka kampuni ya midoli ya Playmobil, ka Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya kanisa yaliyoleta Uprotestanti, urefu sentimita 7 na nusu hivi, joho jeusi na kofia, mkono mmoja ameshika unyoya wa kuandikia na mwingine Biblia imefunguliwa. Kalitoka Ujerumani 2015 wakijiandaa na miaka 500 ya Matengenezo, na vile 34,000 vya kwanza viliisha ndani ya masaa 72, yaani viliisha mbio hadi watengenezaji wenyewe wakashangaa.

Nilichopenda hawajampa nyundo. Wengi wetu ukitaja Luther tunawaza jamaa mwenye hasira anagongelea hoja 95 za kupinga uuzaji wa msamaha kwenye mlango wa kanisa basi imeisha, wakati kilichompindua ni kusoma. Alikuwa mtawa huyu, anafunga, anakesha, anaungama mpaka masaa 6 mpaka Staupitz, mkuu wake wa utawa aliyekuwa anamsikiliza, anachoka, na bado hana amani maana utajuaje kama imetosha? Akaja kukaa na Warumi 1:17 ndo akaelewa kumbe haki ya Mungu ni kitu unapewa, sio deni unalodaiwa. Sharti langu ndo hilo, usipoeleza hii stori mtoto anabaki na mdoli mwenye kofia tu.

Mi namweka mezani, pembeni naweka kopo tupu namwita Tetzel, yule mhubiri aliyezunguka akiuza vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi, hela nusu ikajenge kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma na nusu ikalipe deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa matajiri wa Fugger (hapo kwenye deni watoto wanachangamka hatari). Nawauliza hela yenu inaenda kwenye kopo au mnamsikiliza huyu? Darasa linalipuka. Halafu haliachi kuja lile swali, mwalimu kama wokovu ni bure si nijitendee dhambi tu? Twende Waefeso 2, na jamani msiishie mstari wa 9, someni na wa 10. Matendo mema yapo, ila yanafuata, hayalipii kiingilio.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya hiyo Biblia aliyoishika. Toleo la kwanza upande wa Agano la Kale waliandika ENDE, yaani mwisho, kama vile limekwisha kazi, wakalalamikiwa, na ukikumbuka Luther mwenyewe alichoandika juu ya Wayahudi 1543, maneno ya aibu kabisa, unaona kwanini ilikera. Baadaye neno likaondolewa. Mi nawaambia watoto na hiyo 1543 pia, maana mtu aliyehubiri neema naye aliihitaji vilevile.

Shemeji yangu Mkatoliki alinitania eti nimeleta silaha nyumbani, nikamwonyesha tamko la pamoja la Augsburg la 1999 ambapo Walutheri na Wakatoliki walikiri tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake sio kwa stahili zetu. Kanyamaza, saa hizi anakitaka cha kwake.

Unyoya ni mdogo mno, usimwachie mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Na ukiagizia kwa ndugu aliyeko Ujerumani mwambie akuletee lile toleo lisilo na ENDE.