Nilipowapeleka wanangu kupimwa kingamwili za kisukari, mjini Mombasa

Mimi ni fundi wa friji, karakana yangu iko Mwembe Tayari. Nikiingia mahali penye friji ya dawa, jicho hukimbilia kipimajoto kabla sijatoa salamu. Hapa maabara kilikuwa nyuzi 5, sawasawa. Nikakaa.

Jina la maabara silitaji. Iko mjini, ghorofa ya pili, lifti hakuna. Nilikwenda na watoto wawili. Binti yangu wa miaka 12 ana kisukari aina ya kwanza, na huu ni mwaka wa pili anadunga insulini. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9, mzima, ila mama yao akimsikia ameamka usiku kwenda chooni halali tena. Daktari alituandikia fomu mbili: kijana apimwe kingamwili, yaani protini za damu zinazoonyesha kama kinga ya mwili imeanza kuligeukia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini; dada yake apimwe C-peptidi. Mwili ukitengeneza insulini hutoa C-peptidi sawia nayo, na insulini ya chupa haina kitu hicho, kwa hivyo hapo ndipo hujulikana kongosho la mtoto bado linajitahidi kiasi gani.

Lililoniudhi ni simu. Jioni ya kabla tulipiga, tukaambiwa watoto waje na njaa. Na fomu ya daktari imeandikwa kabisa "baada ya kula". Kingamwili hazijali kama umekula au umefunga, na C-peptidi daktari aliitaka binti akiwa ameshiba, kongosho lipate sababu ya kufanya kazi. Mimi nikaacha fomu nikafuata simu. Saa mbili na robo, tuko namba 17 kwenye foleni, binti akaninong'oneza, "Baba, mikono yanitetema." Tukamtoboa kidole: sukari 3.4. Chini ya 4 hakuna mjadala. Mama yake akamfungulia soda ambayo haikosi mkobani, nami nikashuka ngazi mbio kutafuta mahamri. Yeye akala mawili. Mdogo wake, aliyefungishwa bure, akala manne akauliza mbaazi ziko wapi.

Sasa kaunta. Yule dada wa pale alikuwa na "kifurushi kamili" anachokisukuma kwa kila mtu. Akasoma kwa sauti ya mnadani: "Na CD4 pia tuweke, baba?" Benchi zima likageuka. Mzee mmoja mwenye kofia akakunja gazeti lake anitazame vizuri. Mombasa hapa mtu mzima akisikia CD4 anajua kliniki moja tu, ile ya virusi vya UKIMWI, na hata ukieleza vipi nusu ya watu wameshaondoka na habari yao.

Nikalipa, shilingi 4,000 juu, kwa sababu niliona haya kubishana. Daktari alinicheka baadaye. CD4 na CD8 ni alama zilizo juu ya chembe nyeupe za damu, kama namba ya gari, zinazokujulisha hii ni chembe ya kazi gani. Za CD8 ndizo haswa zinazoingia kongoshoni kuua seli zinazotengeneza insulini, na za CD4 huzichochea. Lakini hesabu ya kawaida inahesabu zote zilizomo kwenye damu, na zile zinazolijua kongosho ni chache mno humo. Watafiti wana mbinu zao za kuzinasa, ila si kipimo cha kaunta. Nilivyoelewa mimi: ni kuhesabu matatu zote zinazopita Buxton ukitaka kumjua aliyegonga mbuzi wako Kisauni. Ukipewa kifurushi hicho, kikatae.

Anayechota damu, huyo ndiye sababu nitarudi. Kijana wangu huogopa sindano kwa sababu anaona za dada yake kila siku. Yule bibi hakumdanganya kwamba haitauma. Alimwambia, "Itauma ukihesabu mpaka tatu, ya nne hutaiona." Sindano ya kipepeo, nyembamba, mshipa akaupata mara moja. Ilipofika zamu ya binti akasoma fomu ya kaunta, akakunja uso. Walikuwa wamemuandikia na yeye kingamwili za insulini. "Huyu ashadungwa insulini miaka miwili, baba. Mwili wake huenda umeitengenezea kingamwili hiyo ya chupa, jibu litakuwa halina maana." Akakata mstari, akatoka mwenyewe hadi kaunta, nikarudishiwa pesa. Hilo sijawahi kuliona mahali pengine mji huu.

Majibu tuliahidiwa siku tano. Yalikuja siku ya 13, ati sampuli hupelekwa Nairobi na kule hungoja zijae ndipo mashine iwashwe. Na ya kijana yalikuja kwenye simu saa tatu usiku, picha ya karatasi, mistari minne, kila mmoja kingamwili yake. Insulini hasi, IA-2 hasi, ZnT8 hasi. GAD chanya, kwa wino mwekundu. Hakuna neno jingine. Nilipiga namba yao, ikalia mpaka ikakatika. Mama watoto hakunilaumu, alikaa tu jikoni taa imezimwa.

Asubuhi daktari alichukua dakika kumi kutueleza, na dakika hizo maabara ingeweza kuziandika kwa mistari miwili. Kingamwili yenyewe haiui kongosho. Hapo nikamuelewa mara moja, kwa sababu ndiyo kazi yangu: gesi ikivuja hutaiona, unaona doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba. Doa haliharibu friji, linakwambia pa kutazama. Doa moja huweza kubaki hivyo miaka, pengine likapotea. Mtoto akiwa na kingamwili mbili au zaidi, tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kiasi cha saba kati ya kumi huugua ndani ya miaka 10. Wangu ana moja. Ikahitajika damu ya pili kuthibitisha, na sukari yake ipimwe mara kwa mara.

Nikauliza kama kuna dawa ya kuzuia. Akasema ipo teplizumabu, ilipitishwa Marekani mwaka 2022 kwa wenye miaka 8 na zaidi, dripu ya siku 14. Inashika alama nyingine ya chembe hizo, CD3, na huchelewesha ugonjwa kiasi cha miaka miwili. Lakini ni kwa wenye kingamwili mbili au zaidi ambao sukari yao imeshaanza kuyumba. Kijana wangu hayuko huko.

Kwa hiyo nyota zangu: mkono wa kuchota damu tano, kaunta moja, simu sitoi. Nendeni asubuhi, mshikilie fomu ya daktari na muiamini hiyo, na mwenye kudunga insulini asifungishwe na mtu wa simu. Sisi tunarudi mwezi ujao kwa damu ya pili, na kijana ameshauliza kama yule bibi wa kuhesabu atakuwepo. Halafu friji yao ya upande wa dirisha, mpira wa mlango umelegea kona ya chini, karatasi inapita. Nimewaachia namba yangu.