Engaruka: viwanja vya nyumba mlimani, na namna ya kuvitembelea bila kuvibomoa

Wageni wengi wanaofika Engaruka, wilayani Monduli, kaskazini mwa Tanzania, huonyeshwa mashamba ya kale: vijaruba vya mawe vilivyoenea kilomita za mraba zipatazo 20, pamoja na mifereji iliyovinywesha maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo kilicho adimu zaidi kiko juu ya mashamba hayo, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa: viwanja vya nyumba vya vijiji saba, vilivyokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Ziara isiyopanda huko ni nusu ziara.

Kila kiwanja kilikatwa mlimani upande wa juu, na kifusi kikajazwa upande wa chini, nyuma ya ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa. Nyumba zilioza zamani, jukwaa likabaki. Ukiona sehemu bapa, angalia mambo mawili: ukuta mbele, mkato nyuma. Hapo ndipo utakapojua thamani ya mwongozaji mwenyeji. Kabla ya kukubaliana bei, muulize kiwanja cha nyumba kinatofautianaje na tuta la shamba. Akibabaika, tafuta mwingine, kwa sababu bila maelezo utarudi umeona mawe tu.

Fika mapema. Mteremko unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi kuta zinapigwa na jua na kuonekana vizuri, ilhali alasiri kivuli cha mlima kinazifunika. Tenga nusu siku, chukua maji lita tatu kwa mtu na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Kutoka Mto wa Mbu ni kama kilomita 60. Gari la juu linafaa zaidi.

Sasa suala la kukanyaga, ambalo wageni wengi hulichukulia kwa wepesi mno. Ukuta wa aina hii husimama kwa uzito wake na kwa kupitisha maji. Jiwe la ukingoni likichomoka, la jirani linakosa kishikizo, masika inasomba kifusi, ukuta unatoa tumbo kisha unaanguka. Mbuzi na mizizi ya migunga hufanya vivyo hivyo. Basi panda kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na usikalie ukingo. Jiwe lililoanguka liache lilipo, maana mahali lilipoangukia ni ushahidi. Kuziba kwa saruji ni kosa kubwa zaidi: maji yanakwama nyuma ya ukuta na kuusukuma nje.

Konso, Ethiopia, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2011, ina wakulima wanaotunza matuta yao hadi leo. Kuta za Engaruka hazina wenyewe wa kuzirudishia jiwe kila msimu, ndiyo maana kila hatua ya mgeni ina uzito.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila leseni ni kosa. Ukikuta shimo bichi la wasaka hazina, usilifukie. Lipige picha, weka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji siku hiyohiyo.