Anki kwa anayesoma sheria: nyota nne, na sababu ya kukosa ya tano

Anki ni programu ya kadi za kukariri. Mbele swali, nyuma jibu, na kompyuta ndiyo inayoamua kadi irudi lini: kesho, baada ya siku tisa, au baada ya miezi minne. Ilianza 2006, na jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Wanaosoma udaktari walishaizoea zamani. Wanaosoma sheria wengi huijaribu wiki mbili, wakaiacha, wakarudi kwenye kalamu za rangi na kukesha.

Uamuzi kwanza, sababu baadaye: nne kati ya tano. Kwa vipengele vya makosa, vigezo vinavyotumiwa na mahakama, tarehe za ukomo, na kuunganisha jina la kesi na kanuni yake, ni vigumu kupata chombo kinachoishinda. Kwa kuchambua mkasa wa mtihani na kupanga hoja haikusaidii chochote. Anayeifungua akidhani itamfundisha kufikiri kama wakili atakuwa amepoteza muhula.

Karibu wote wanaoiacha huwa wameshindwa mahali pamoja, nako ni kwenye kutengeneza kadi. Chukua Donoghue v Stevenson ya 1932, ya mwanamke aliyedai kuugua baada ya kunywa kinywaji chenye konokono ndani ya chupa, ambayo anayesoma sheria ya madhara (madai ya fidia kwa aliyeumizwa) katika mfumo wa Kiingereza hawezi kuikwepa. Kadi ya kwanza ya mgeni huwa na jina la kesi mbele, na nyuma yake muhtasari mzima: wadaawa, matukio, suala, uamuzi, sababu, majaji waliopinga. Maneno mia mbili. Siku ya marudio unaona jina, unakumbuka konokono kwenye chupa, unajisikia vizuri, unabonyeza kwamba umekumbuka. Programu inakuamini na kuipeleka kadi mbali wiki tatu. Kanuni yenyewe hukuikumbuka, na Anki haina njia ya kujua kwamba ulichokumbuka ni robo tu. (Huyo konokono, kwa taarifa, hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Shauri liliisha kabla ushahidi haujasikilizwa.)

Ivunje kesi hiyo iwe kadi nne. Ya kwanza: kwa nini mlalamikaji hakuweza kudai kwa mkataba? Kwa sababu kinywaji kilinunuliwa na rafiki yake. Ya pili: mtengenezaji anawajibika kwa nani, na kwa sharti gani? Kwa mtumiaji wa mwisho, pale bidhaa inapomfikia bila nafasi ya kweli ya kukaguliwa njiani. Ya tatu: "jirani" kisheria ni nani? Yule anayeguswa na tendo lako kwa karibu na moja kwa moja, kiasi kwamba ilikupasa kumfikiria kabla ya kutenda. Ya nne inaanzia upande wa pili: mtu ameumia kwa bidhaa ambayo hakuinunua yeye, unataja kesi gani? Hiyo ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana mtihani haukupi jina la kesi. Unakupa mtu aliyeumia, na jina ulitoe wewe.

Kipimo cha kadi nzuri ni rahisi. Jibu lake lisomeke kwa sauti kwa pumzi moja, na ukishalisoma usibaki unajiuliza kama ulipata au ulikosa. Ukijikuta unasema "nilipata kiasi", kadi hiyo ikatwe.

Kwa orodha za vipengele kuna kadi za kujaza pengo. Andika sentensi nzima, weka kivuli juu ya neno, bonyeza Ctrl+Shift+C, na neno hilo linakuwa pengo namba moja. Ukirudia kwa neno linalofuata, linakuwa pengo namba mbili, na kila namba huzaa kadi yake. Vipengele vya uzembe, yaani wajibu wa uangalifu, ukiukaji wa wajibu, usababishi, na hasara isiyo ya mbali, vinakupa kadi nne kutoka sentensi moja. Mtego uko hapa: kadi ya kwanza inakuonyesha majibu ya nyingine tatu, na zikija siku moja unazijibu bila kufikiri. Kwenye mipangilio ya fungu (mkusanyiko wa kadi zako) kuna sehemu ya kuzika, yaani kuficha, kadi ndugu zilizozaliwa na sentensi moja hadi kesho. Iwashe kwa kadi mpya na za marudio pia. Halafu ongeza kadi moja ya kawaida inayouliza "vipengele vya uzembe ni vipi?" ili uvitaje vyote bila kuonyeshwa hata kimoja.

Vifungu vya sheria vinahitaji uangalifu zaidi. Ukitoboa pengo kila baada ya maneno matatu, ubongo unakariri umbo la sentensi badala ya maana yake. Utalijaza pengo kwa sababu unaitambua ile koma. Toboa pale penye uzito wa kisheria, na mara nyingi uzito huo uko kwenye vineno vidogo. "Kwa makusudi au kwa kutojali" na "kwa makusudi na kwa kutojali" ni makosa mawili tofauti. La kwanza mwendesha mashtaka anahitaji kuthibitisha kimoja, la pili lazima athibitishe vyote viwili. Pengo likae juu ya ule "au". Vivyo hivyo "lazima" na "anaweza": huyu jaji hana hiari, yule anayo.

Kuna kadi ambazo haziingii kichwani hata ukizipiga mara ngapi. Anki huziita ruba, kwa kuwa zinanyonya muda. Kadi ya marudio ikikushinda mara 8 huwekewa alama. Wengi huifuta au kuiacha iendelee bila kuirekebisha, na yote mawili ni makosa. Mara nyingi ruba hutokana na mambo mawili yanayofanana sana kupigania nafasi moja kichwani. Mfano ulio wazi uko kwenye sheria ya mikataba. Katika Hyde v Wrench ya 1840, muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema sawa, 1,000. Hapakuwa na mkataba, kwa kuwa ile 950 ilikuwa ofa mpya iliyoua ofa ya kwanza. Katika Stevenson, Jacques v McLean ya 1880, mnunuzi wa chuma aliuliza tu kwa telegramu kama angeweza kupewa muda wa kupokea mzigo. Swali haliui ofa. Kadi za kesi hizi zikikaa mbali mbali zitagombana mwaka mzima. Dawa ni kadi moja inayoziweka pamoja: "Mnunuzi amejibu kwa masharti. Kitu gani kinaamua kama ofa imekufa?" Jibu: kama amependekeza masharti mapya, imekufa, kama ameuliza tu, ingali hai. Majina mawili chini yake, na ruba anatoka.

Mipangilio inatisha kwa mara ya kwanza, na sura ya programu ni ya kizamani kweli. Lakini vya kugusa ni vichache. Kadi mpya kwa siku huja zikiwa 20. Kwa sheria hiyo ni nyingi. Kadi ya sheria inachukua sekunde 10 hadi 15, tofauti na msamiati wa lugha unaoisha kwa 4, na kadi mpya 20 za kila siku huishia kuwa marudio 150 au zaidi kwa siku baada ya miezi michache. Weka 8 au 10. Kikomo cha marudio ni 200, na hapa pana jambo linalowachanganya watu: marudio yakifika kikomo hicho, kadi mpya hazionekani kabisa. Programu haijaharibika. Kadi mpya nazo huhesabiwa ndani ya kikomo hicho, isipokuwa ukibadilisha mpangilio.

Washa FSRS. Ni kanuni mpya ya kupanga marudio iliyoingia kwenye toleo la 23.10, badala ya ile ya zamani iliyotokana na kanuni iitwayo SM-2 ya 1987. Ile ya zamani ilikuwa na kasoro ya kuziadhibu kadi ngumu hadi zikawa zinarudi siku mbili tatu bila kukoma. FSRS inakuuliza namba moja muhimu: unataka kukumbuka kwa asilimia ngapi? Inakuja ikiwa 90. Wanafunzi wa sheria, kwa hulka yao, hupandisha hadi 97, na mzigo wa marudio unaongezeka maradufu na zaidi kwa faida ndogo. Iache 90.

Vitufe vya majibu ni vinne, na kimoja kinaharibu hesabu za wengi. Kitufe cha pili, kile cha "ngumu", maana yake ni kwamba umekumbuka, ila kwa shida. Si cha kujifariji uliposahau. Ukikibonyeza baada ya kusahau, FSRS inaandika kwamba ulipata, na kadi inasogea mbele badala ya kurudi. Ukisahau, bonyeza cha kwanza. Kama kuchagua kati ya vinne kunakusumbua, tumia viwili tu, cha kwanza na cha tatu, na hutapoteza kitu.

Mafungu yaliyotengenezwa na wengine ndiyo sehemu dhaifu kabisa kwa upande wa sheria. Mfupa wa paja haubadiliki jina, sheria hubadilika. Mafungu mengi ya zamani bado yanafundisha kigezo cha hatua tatu cha Caparo v Dickman ya 1990 kama kipimo cha kila dai la wajibu wa uangalifu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishasema katika kesi ya Robinson ya 2018 kwamba sivyo: pale wajibu uliposhawekwa na kesi zilizotangulia, unafuatwa huo, na kwa hali mpya mahakama husogea hatua kwa hatua kwa kulinganisha. Ukipakua fungu kama hilo unakariri kosa kwa nidhamu ya hali ya juu. Hata kadi zako mwenyewe ziwekee sehemu ndogo ya tarehe uliyohakiki, na lebo zenye ngazi, mfano mikataba::ofa::kufa. Kanuni ikibadilika, unatafuta lebo, unazisimamisha kadi zote za mada hiyo kwa mara moja, unarekebisha.

Tengeneza kadi baada ya kusoma hukumu, kamwe si wakati wa kuisoma. Ukiandika kadi huku unasoma, kila aya itaonekana muhimu, na hukumu ya kurasa 60 itakupa kadi 45 ambazo 40 kati yake ni pumba. Soma, funga, andika ulichobaki nacho. Kesi ya kawaida inastahili kadi tatu hadi tano.

Kuhusu mitihani: kadi iliyotengenezwa siku tatu kabla haina muda wa kufanya kazi. Kazi ya kukariri iishe wiki tatu au nne kabla, kadi mpya ziwekwe sifuri, na muda uhamie kwenye kuandika majibu ya mikasa kwa kujipima muda. Ukitaka kupitia mada moja usiku wa kuamkia mtihani, tumia fungu la muda linalochujwa kwa lebo, na uzime ile sehemu ya kubadilisha ratiba kulingana na majibu yako. Ukiacha imewashwa, marudio ya usiku mmoja yanasukuma kadi mbali kana kwamba umezijua kweli. Mtihani wako ukiwa wa kuruhusiwa vitabu, punguza kadi hadi theluthi. Unachohitaji hapo ni kujua jibu liko wapi.

Kwa wanaobukua hadi usiku wa manane: siku ya Anki huanza saa kumi alfajiri, si saa sita usiku. Marudio ya saa saba usiku bado ni ya jana.

Programu ya kompyuta ni ya bure, na ya simu za Android, AnkiDroid, ni ya bure pia. Ya iPhone inalipiwa mara moja tu. Kulinganisha vifaa hupitia AnkiWeb, huduma ya mtandaoni ya Anki, na hapo ndipo watu hupoteza kazi ya muhula. Ukibadilisha muundo wa kadi kwenye kompyuta kabla ya kulinganisha simu, unaulizwa: pakia au pakua? Hakuna kuchanganya, upande mmoja unafuta mwingine. Simama, fungua vifaa vyote viwili, angalia kipi kina kadi za jana, ndipo uchague. Ukikosea, kwenye kompyuta nenda kwenye dirisha la kubadilisha wasifu, na nakala za akiba ziko hapo kwa tarehe.