Kingston A400 kwenye laptopu ya zamani: inatosha, ila usipigwe

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina Kingston A400, SSD (diski ya kuhifadhia isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 240, na laptopu ambayo ukizunguka Dar nzima huikosi, zile za kazini zilizotumika Ulaya zikaja kumalizia maisha Kariakoo. Inbox yangu imejaa swali moja: "Kaka, mashine inawaka taratibu, nikiifungua inaganda, ninunue nyingine?" Usinunue. Toa hadi diski, weka SSD.

Wengi wanadhani shida ya hadi diski ni kwamba inasoma MB 100 kwa sekunde wakati hii inasoma 500. Hapana. Ndani ya hadi diski kuna sahani inazunguka, na hizi za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Windows inapowaka inaokota maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila faili kichwa kinasogea, kinasubiri sahani ifike. SSD haina sahani wala kichwa. Ndiyo maana hata SSD ya bei ya chini kama hii mtu akiiwasha anadhani umembadilishia mashine.

Sasa bidhaa yenyewe. Kingston wanasema GB 240 inasoma mpaka MB 500 kwa sekunde na kuandika 350. Haina DRAM ndani, yaani memori ya haraka ya kuisaidia, na ukiimwagia faili kubwa, tuseme video za harusi GB 60 kwa mkupuo, itaanza kwa mbwembwe halafu kasi itashuka. Kama unahariri video kila siku, hii siyo yako, tafuta Samsung 870 EVO. Ya kuandikia barua, kuingia mtandaoni na watoto kufanya homuweki, hutaona tofauti. Uhai wake umepimwa kwa terabaiti 80 za kuandika. Ukiandika GB 20 kila siku, ni siku 4,000, miaka kumi na ushee. Laptopu itakufa kabla.

Na tafadhali, ukiichomeka ukaona GB 223, usirudi dukani kugombana. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujapunjwa.

Kupigwa kwenyewe kuko hapa. Ukienda Kariakoo utakutana na mzigo wa "TB 2" kwa bei ya kutupa, jina hujawahi kulisikia. Nyingine ukizifungua ndani ni kadi ya memori imebandikwa kwenye kibao, imedanganywa ijitangaze ni kubwa. Unajaza picha, inazipokea zote, kesho yake hazifunguki. Kwa hiyo kabla hujatoa hela mwambie muuzaji kwa upole, "bosi wangu, ichomeke kwenye mashine yako tuione." Fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia saa ilizowahi kuwashwa. Mpya inaonyesha sifuri au karibu na hapo. Ikisoma saa elfu sita, bosi kakuuzia iliyotoka kwenye kompyuta ya mtu. Ukifika nyumbani, ijaribu kwa H2testw kabla hujaweka kitu chochote: inaijaza diski yote halafu inasoma tena ilichoandika. Feki haivuki hapo.

Mtego mwingine ni zile SSD bapa za M.2, kama kipande cha ubani. Zinafanana lakini si moja. Yenye pengo moja kwenye meno kwa kawaida ni NVMe, njia mpya ya kasi zaidi, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, njia ya zamani inayotumiwa na A400 hii. Laptopu ya zamani yenye tundu la M.2 inaweza ikakubali SATA tu, ukaweka NVMe ikaingia vizuri na isionekane kabisa. Angalia modeli ya mashine yako kwanza, usimwamini anayekwambia "zote zinakaa."

Haya, kufunga. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, fungua kifuniko uchomoe waya wake kwanza. Bisibisi ndogo ya nyota, na skrubu ziweke kwenye kisahani kwa mpangilio, maana nyingine ni fupi na nyingine ndefu, ukikosea ndefu inatoboa. Hadi diski iko kwenye fremu ya bati. Hiyo fremu usiitupe! Ihamishie kwenye SSD. Diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5, hii ina 7, bila fremu itacheza humo ndani. Isukume ikiwa imelala mpaka ikae, usiiinue. Umemaliza.

Kwenye kompyuta ya mezani, tumia tundu la SATA la 6 Gb kwa sekunde. Bodi za zamani zinachanganya na ya 3, na hiyo itakukata kasi karibu nusu.

Kabla ya kupiga Windows ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla mashine haijawaka, hakikisha SATA iko AHCI, mtindo wa mashine kuongea na diski. Na kama mashine ina diski mbili, chomoa ile ya zamani wakati unapiga. Usipochomoa, Windows inaweza kuacha mafaili ya kuwashia kwenye diski ya zamani, siku ukiitoa, mashine haiwaki. Kama umeiweka kuwa diski ya pili na huioni, haijafa, ingia Disk Management ya Windows uiandae, chagua GPT, mtindo wa kuigawa diski. Ukitaka kuhamisha kila kitu kilivyo, Clonezilla inanakili diski nzima bure, ila kama diski ya zamani ni kubwa kuliko GB 240, punguza kwanza patisheni zake (vipande ilivyogawanywa) zitoshee.

Defragi, ile kazi ya kupanga upya vipande vya mafaili kwenye hadi diski, achana nayo. Windows yenyewe inatuma TRIM, kazi yake kuiambia SSD sehemu zipi zimefutwa. Ndiyo maana ukifuta picha kwa bahati mbaya, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko zamani. Na SSD ikifa haigongi wala kulia kama hadi diski, inanyamaza tu. Umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika hata kwenye SSD, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Moja la mwisho: SSD haiifanyi mashine yenye prosesa ya kizazi cha nne cha Intel ikubaliwe rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi laptopu hii nimeipiga Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inakwenda vizuri. Hadi diski iliyotoka nimeinunulia kava la USB, sasa inatunza picha za familia.